Mwongozo kamili: namna ya kuandika insha ya mashindano kuhusu masuala ya jamii na siasa, hatua kwa hatua

Matokeo ya mashindano ya insha yakitoka wanafunzi wengi wananitumia insha zao wakiuliza mbona hata kwenye mchujo wa kwanza hawamo, na nikizisoma naona tatizo ni lilelile. Lugha ipo, bidii ipo, ila swali halijajibiwa. Umeulizwa kama umri wa kupiga kura ushushwe mpaka miaka 16, we umeandika kurasa tatu kuhusu umuhimu wa demokrasia, jaji anasoma mpaka mwisho hajui unasema ndio au hapana, anaiweka pembeni anachukua nyingine.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unahusu kitu kimoja: kupata jibu lako mwenyewe, jibu ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kulikataa, alafu kulitetea mpaka nukta ya mwisho. Mfano nitautumia mmoja tu mwanzo mwisho, huohuo wa umri wa kupiga kura, ili uone swali linavyotoka kwenye tangazo mpaka linakuwa insha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tangazo lenyewe la shindano kutoka kwa waandaaji, lenye masharti yote. Skrinishoti ya kwenye grupu haitoshi, mara nyingi imekatwa pale penye sharti muhimu.
- Insha za washindi waliopita, kama zimechapishwa. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, ambalo limeanza tangu 1883, huwa linaweka wazi kazi za washindi, na yapo mengine yanafanya hivyo.
- Daftari na kalamu, hata kama utaandikia kwenye kompyuta au simu.
- Vyanzo vya aina tofauti: sheria au hati rasmi, takwimu zenye mwenyewe, na angalau chanzo kimoja kinachoonyesha watu walioguswa na jambo hilo wanasema nini.
- Mtu mmoja asiyekubaliana na wewe ambaye yuko tayari kukusoma. Rafiki wa kukusifia hakusaidii hapa.
- Wiki tatu. Insha inaandikika kwa usiku mmoja, sikatai, ila hoja nzuri huwa inakuja siku ya nne au ya tano ukiwa unafanya mambo mengine kabisa.

## Hatua ya 1: Soma masharti na kalamu mkononi

Piga mstari chini ya kila kitu kinachoweza kukutoa: umri, darasa, lugha, idadi ya maneno, aina ya faili, kama jina lako linatakiwa lionekane au lisionekane, na saa ya mwisho ya kutuma ni saa za nchi gani. Hili la saa linaumiza watu kila mwaka.

Angalia pia nani ameandaa na anajali nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika) wote wana mashindano ya insha kwa wanafunzi wa sekondari na mada zao huwa zinagusa ushirikiano wa nchi za kanda, sasa ukiandika kama vile nchi yako iko peke yake duniani umekosa nusu ya swali. Ila kumjua mwandaaji sio kumsifia. Aya ya kuwapongeza waandaaji kwa juhudi zao haina maksi hata moja na imekula maneno yako.

Umemaliza hatua hii pale unapoweza kuandika masharti yote kwenye nusu ukurasa bila kuangalia tangazo.

## Hatua ya 2: Lipasue swali

Hapa ndo wengi wanapoanguka, tena bila kujua, maana wanasoma mada badala ya swali. Mada ni "vijana na uchaguzi". Swali ni hili: *Je, umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16? Jadili.*

Lichukue neno kwa neno. "Ushushwe" inauliza kama inafaa, haiulizi kama inawezekana wala kama vijana wanapenda. "Kupiga kura" sio kugombea, kwa hiyo habari za wabunge vijana ziache. "Miaka 16" ni namba maalum, lazima useme kwa nini 16 na sio 17 au 14. Na "jadili" maana yake pande zote zisikike alafu uamue, tofauti na "eleza" ambayo inataka jambo liwe wazi, "linganisha" inayotaka vitu viwili viwekwe kwa vigezo vilevile, au "kwa kiasi gani" ambayo inataka kipimo, yaani useme ni sana, ni kidogo au ni kwa sharti fulani.

Sasa andika swali upya kwa maneno yako, sentensi moja. Kama swali lina sehemu mbili ("eleza chanzo na pendekeza suluhisho") andika sentensi mbili, na ujue kila sehemu ina maksi zake.

Ukipewa mada kadhaa uchague, usikimbilie nyepesi. Nyepesi ndo imechaguliwa na wote, jaji atakuwa ameshasoma hamsini zinazofanana. Chagua ile ambayo ukiisoma kuna kitu unataka kubishana nacho.

Utajuaje umepatia: mpe mtu ile sentensi yako bila kumwonyesha swali la asili, muulize anadhani umeulizwa nini. Akikwambia kitu kinachokaribiana sana na swali, endelea. Akikutajia mada tu, rudia.

## Hatua ya 3: Tafuta ukweli kabla hujachagua upande

Ukichagua upande kwanza utatafuta vya kukubaliana na wewe tu, alafu hoja pinzani itakushinda mbele. Jipe siku kadhaa za kusoma bila kuamua.

Tafuta nchi ambazo tayari zimelifanya hilo jambo, maana hoja ya "itakuwaje" inajibiwa vizuri na "ilikuwaje". Kwa swali letu zipo nyingi. Brazil iliruhusu kura ya miaka 16 kwenye katiba ya 1988, na pale ukiwa na 16 au 17 kupiga kura ni hiari wakati kwa watu wazima wengi ni lazima. Austria ilishusha hadi 16 mwaka 2007, Argentina 2012, Malta 2018. Huko nyuma zaidi Uingereza ilitoka 21 kwenda 18 kwa sheria ya 1969, na Marekani ikafanya hivyo mwaka 1971, moja ya hoja kubwa ikiwa kwamba kijana wa miaka 18 alikuwa anaweza kulazimishwa kwenda vita vya Vietnam lakini hawezi kumpigia kura anayempeleka.

Alafu tafuta hati inayoleta ugumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18 (isipokuwa pale sheria ya nchi inapompa utu uzima mapema), na mkataba huohuo, kwenye kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Unaona hapo? Hati moja inaweza kutumika na pande zote mbili. Ukikutana na kitu kama hicho usikikwepe, hapo ndo insha nzuri inapotokea.

Kwenye daftari chora safu tatu: kimesemwa nini, nani kasema, nimesoma wapi. Kisichojaza safu zote tatu hakiingii kwenye insha.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, takwimu isiyo na mwenyewe ("asilimia 80 ya vijana...") ni bora uache kabisa, jaji mmoja tu akiihoji insha nzima inapoteza imani. Ya pili, programu za akili bandia. Zinaweza kukutungia kitabu na mwandishi ambao hawapo na ikaonekana kweli kabisa, na waandaaji wengi siku hizi wamezikataza wazi kwenye masharti. Soma sharti lao, na chochote ulichokipata huko kakihakiki kwenye chanzo chenyewe. Sentensi za insha ziwe zako, hili halina mjadala.

## Hatua ya 4: Andika hoja kuu kwa sentensi moja

Hii ndo hatua yenye uzito kuliko zote, ikikuchukua siku tatu usiogope. Angalia hizi:

*"Vijana ni muhimu sana katika demokrasia."*
Nani atakataa? Hakuna. Kama hakuna wa kukataa basi hakuna cha kutetea, na insha itakuwa maneno matamu tu.

*"Umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16 kwa sababu vijana wana haki."*
Afadhali, kuna upande. Ila sababu ni pana mno, hata mtoto wa miaka sita ana haki. Kwa nini 16?

*"Umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16, lakini kura iwe ya hiari hadi mtu afikishe 18, kwa sababu wengi wakiwa na 16 bado wako nyumbani na shuleni, mahali ambapo wanaweza kufundishwa na kuuliza kabla ya kura yao ya kwanza, wakati wakifika 18 wengi ndipo wanapohama na kutawanyika."*
Hii ina upande, ina sharti, ina sababu inayoeleza kwa nini 16, na kuna mtu anaweza kuipinga kwa hoja.

Na usidhani upande wa "ndio" ndo unaoshinda. Hii pia ni nzuri: *"Umri ubaki 18, kwa sababu wanaohitaji kulindwa kama watoto hawapaswi kubebeshwa uamuzi wa watu wazima, wanachohitaji ni mabaraza ambayo serikali italazimika kuyajibu kwa maandishi."* Jaji hatafuti anayekubaliana naye, anatafuta aliyefikiri.

Ipime hoja yako hivi. Weka maneno "Napinga kwamba" mbele yake, je, kuna mtu makini anaweza kusema sentensi hiyo? Jiulize "kwa nini?" na uone kama jibu liko ndani ya sentensi yenyewe. Alafu isome mara baada ya swali: linajibiwa?

Tahadhari: usikae katikati kwa woga. "Pande zote zina ukweli, kwa hiyo tushirikiane wote" sio jibu. Kuweka sharti ni sawa kabisa, kama hapo juu kwenye kura ya hiari, ila sharti lazima liseme nini kifanyike na lini.

Na kwa sababu haya ni mambo ya siasa kuna wanaoogopa kabisa kusema kitu na kuna wanaodhani ujasiri ni kutukana viongozi. Shambulia sheria, sera au uamuzi, mwache mtu na chama. "Sheria hii inawaacha nje wanafunzi wa bweni siku ya uchaguzi" ni kauli nzito kuliko matusi ya ukurasa mzima, na haikuweki wewe wala shule yako pabaya.

## Hatua ya 5: Panga kabla ya kuandika

Kwa insha ya maneno 1,000 mgawanyo unaoeleweka ni utangulizi 100, hoja tatu za maneno 200 kila moja, hoja pinzani na jibu lake 200, hitimisho 100. Sio sheria, lakini unakulinda na ule ugonjwa wa utangulizi wa maneno 400.

Kila aya andikia mstari mmoja: inadai nini, ushahidi upi, na kwa hiyo nini. Hiyo "kwa hiyo" ndo inayosahaulika. Watu wanaandika "Austria ilishusha umri mwaka 2007" wanaweka nukta wanaondoka. Sawa, kwa hiyo? Mwambie msomaji hilo linathibitisha nini kwenye hoja yako.

Hoja yenye nguvu zaidi iweke mwisho kati ya zile tatu, kabla ya hoja pinzani. Ukiona hoja mbili zinasema kitu kimoja kwa maneno tofauti, futa moja utafute nyingine.

## Hatua ya 6: Andika rasimu, utangulizi uje mwisho

Anza na aya za katikati. Ukiwa umeshazimaliza utajua insha yako inasema nini hasa, na utangulizi utakutoka haraka.

Utangulizi usianze na maana ya neno kutoka kwenye kamusi. Usianze na "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa". Usianze na nukuu ya mtu maarufu ambayo kila mtu anaijua. Anza na jambo lililotokea, lenye mgongano ndani yake. Mfano:

> *Mwezi Septemba 2014, vijana wa Scotland wenye umri wa miaka 16 walipiga kura kuamua kama nchi yao ijitenge na Uingereza. Mei 2015, katika uchaguzi wa Bunge la Uingereza, walio chini ya miaka 18 walizuiwa. Kijana aliyeaminiwa kuamua hatima ya nchi hakuaminiwa kumchagua mbunge. Insha hii inatetea kwamba umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16, lakini kura iwe ya hiari hadi mtu afikishe 18.*

Sentensi nne tu. Tukio, mgongano, jibu. Jaji ameshajua anakwenda wapi na bado ana hamu ya kujua kwa nini.

Ukichukua wazo la mtu mtaje papo hapo. Kubadilisha maneno mawili matatu kwenye sentensi ya mtu bado ni kunakili, na programu za kukagua zinaliona hilo haraka.

## Hatua ya 7: Mpe mpinzani nguvu zake zote

Ukitaka kujua insha ya kwenye kumi bora inatofautiana wapi na nyingine, mara nyingi ni hapa. Wengi wanaandika "wapo wanaosema vijana hawajakomaa lakini hiyo sio kweli" wanapita. Hapo hujamjibu mtu, umemkatisha tu.

Fanya hivi. Andika hoja ya mpinzani mpaka yeye mwenyewe akisoma aseme ndio, hicho ndicho ninachomaanisha. Kwa swali letu: kijana wa miaka 16 anakaa kwa wazazi, anafundishwa na mwalimu mwenye chama chake, kwa hiyo kura yake itakuwa kura ya pili ya mzazi au mwalimu. Ni hoja nzito, ikubali uzito wake.

Alafu jibu. Kwanza kubali kilicho kweli: shinikizo lipo. Pili onyesha mahali hoja inapofika mwisho: shinikizo haliishii miaka 18, mfanyakazi ana mwajiri, mpangaji ana mwenye nyumba. Tatu leta ushahidi: Uingereza ilipoleta kura ya siri kwa sheria ya 1872, lengo lilikuwa kuwakinga wapiga kura na shinikizo la wenye ardhi na waajiri, na dawa iliyochaguliwa haikuwa kuwanyang'anya kura wanaoshinikizwa, ilikuwa kuifanya kura iwe siri. Kwa hiyo hofu ya shinikizo inadai kura ya siri ilindwe vizuri zaidi, haidai kijana akae nje.

Utajuaje umepatia: mpe yule mtu wako asiyekubaliana na wewe aya hiyo. Akisema "hoja yangu umeielewa ila sijashawishika" umefanya kazi nzuri. Akisema "mimi sijawahi kusema hivyo" umepigana na mtu wa kubuni, rudi uandike upya.

## Hatua ya 8: Sahihisha, na usianze na herufi

Iache insha siku mbili bila kuigusa. Ukirudi, soma kila aya na pembeni yake andika kwa maneno machache inasema nini. Soma hayo ya pembeni peke yake toka juu mpaka chini. Yakijibu swali kwa mtiririko, insha imesimama. Kama kuna aya hujui uandike nini pembeni, hiyo aya haina kazi, itoe hata kama imejaa misemo mizuri.

Kisha soma kwa sauti. Pale unapokosa pumzi kata sentensi, pale unapojikwaa andika upya. Tafuta "sana", "kwa kweli", "kama tunavyojua wote" na uone ngapi zinaweza kuondoka. Tahajia na alama za uandishi ndo ziwe za mwisho kabisa, hakuna maana ya kusahihisha koma kwenye aya utakayoifuta.

Hitimisho liangalie peke yake. Lisirudie utangulizi neno kwa neno na lisilete hoja mpya. Liseme nini kifanyike, nani akifanye, na nini kitabaki kigumu hata baada ya hapo. Kwenye insha yetu ingekuwa: bunge libadilishe sheria, wizara ya elimu iweke somo la uraia kabla ya umri wa kura, na bado itabaki kazi ya kuwafikia vijana walioacha shule.

Idadi ya maneno ihesabu kwa programu. Kama kikomo ni 1,000, maneno 1,040 yanaweza kukutoa bila hata kusomwa.

## Hatua ya 9: Tuma

Hifadhi kwa aina ya faili waliyoitaka na jina la faili walilolielekeza. Kama wametaka insha isiwe na jina, angalia na juu ya kila ukurasa, pamoja na sehemu ya taarifa za faili (Properties) ambako kompyuta huweka jina lako yenyewe. Ukiwa chini ya miaka 18 kuna mashindano yanataka saini ya mzazi au mwalimu, iombe mapema maana watu huwa wanasafiri.

Tuma siku mbili kabla ya mwisho, alafu fungua faili ulilotuma uone ni lenyewe na sio rasimu ya zamani. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha kwamba wamepokea, usipouona kwenye barua pepe angalia kwenye spamu kabla hujatuma mara ya pili, na hiyo insha usiipeleke shindano lingine mpaka umesoma kama masharti ya yote mawili yanaruhusu.